Diski Mbili, Namba Moja

Jumatatu, 3 Julai 1978

Nimefika saa mbili kasoro. Mvua. Matope kutoka sokoni hadi mlango wa ofisi. Nimewasha feni, kisha kompyuta, kisha diski. Namba sifuri imezunguka vizuri. Namba moja imelalamika kama kawaida yake, halafu ikatulia. Nimefuta vichwa vya tepu kwa spiriti.

Nimemaliza kuandika wakulima wa pareto wa Birongo. Kesho kutwa naanza Nyamira. Majina yanafanana mpaka macho yanauma. Kina Nyaboke peke yao wangejaza kanisa. Bila namba ya mkulima ningekuwa nimeshapotea.

Mchana lori limeleta diski ya tatu kutoka Nairobi. Kuukuu kama zile mbili. Kampuni fulani imechoka nayo, sisi tumeipokea kwa makofi. Kabati la kijivu la kufika kiunoni, limekwaruzwa ubavuni. Meneja wetu, Bwana Makori, amelisimamia likishushwa kama ng'ombe wa mahari.

Jumanne, 4 Julai

Fundi wa Nairobi amekuja. Mtu mpole, anaongea na mashine kuliko na watu. Ameunganisha nyaya, akafungua pakiti ya vipuri, akaguna. Plagi ya namba mbili haimo. Iliyomo ni ya namba moja, na namba moja tunayo tayari.

Meneja hakuona tatizo. Nimemweleza mimi. Kila diski ina tundu mbele, na kwenye tundu huchomekwa plagi ndogo ya plastiki, saizi ya kifuniko cha soda, yenye namba. Namba hiyo ndiyo anwani yake. Mashine haijui kabati la kushoto wala la kulia, inajua namba tu. Nikamwambia asimame sokoni Birongo aite "Nyaboke!" aone wangapi watageuka. Diski mbili zikipewa namba moja, mashine ikiita moja zinaitika zote mbili, na kilichoandikwa kinavurugika. Fundi amekubali kwa kichwa. Amesema diski mpya isiwashwe mpaka alete plagi yake. Wiki mbili.

Meneja alikuwa na lake. Ameona diski kuu imechomekwa sifuri, uso ukabadilika.

"Hii ndio kubwa, na mmeipatia ziro? Mimi nitaleta wageni hapa waangalie ziro?"

Nimemwambia kompyuta huanzia kuhesabu hapo. Amesema shuleni kwao ziro ilikuwa ya waliofeli. Nimecheka. Heri nisingecheka. Ameondoka amenuna.

Plagi ya ziada imerudi kwenye sanduku la vipuri.

Alhamisi, 6 Julai

Nyamira siku nzima. Vidole vimekufa ganzi. Nimefika Sironga, kwetu. Nimeandika jina la mama kwa mkono wangu mwenyewe, na namba yake, na kijiji. Nimelitazama kidogo pale kwenye kioo cha mashine kabla ya kuendelea. Hakuna aliyeniona.

Saa kumi nimenakili diski moja kwenye tepu. Tepu nazo zina namba zao, ila zao huchaguliwa kwa kuzungusha kigurudumu. Nimekagua mara mbili. Tarehe kwenye lebo, tepu kabatini, ufunguo mfukoni.

Meneja amepita mara mbili kuangalia diski mpya iliyozimwa. Ana sura ya mtu aliyeshonewa suti akakatazwa kuivaa.

Ijumaa, 7 Julai

Siku fupi. Sitaki Sabato inikute barabarani, lazima niwe Sironga kabla jua halijatua. Makabidhiano na Onsongo, mwenzangu wa mashine, saa nane, kama kila Ijumaa. Mimi Msabato, yeye Mkatoliki. Jumamosi mashine ni yake, Jumapili inalala. Tulipanga hivyo sisi wawili tangu mwanzo na ofisi haijawahi kujuta.

Utaratibu wetu ni mmoja. Tunasimama mbele ya kila diski, mimi natamka namba, yeye anagusa plagi na kuirudia, kisha anatia sahihi kwenye daftari la makabidhiano. Wenzetu hutucheka, wanasema tunabatiza makabati. Wacheke. Leo: sifuri, sifuri. Moja, moja. Diski mpya haina plagi, isiwashwe. Onsongo ametia sahihi yake ndefu ya mtu aliyewahi kuwa mwalimu.

Jumatatu, 10 Julai

Nimefungua mlango nikasikia diski tatu. Masikio yalijua kabla ya macho.

Ile mpya ilikuwa inazunguka, taa inawaka, na usoni mwake plagi ya namba moja. Namba moja yetu iko palepale nayo. Nimezima zote.

Nimewasha tena bila ile mpya, nikaita orodha ya Nyamira. Takataka. Mtu wa Birongo amepewa kijiji cha Sironga. Mkulima mmoja ametokea mara tisa, wengine hawapo kabisa. Mama hayupo.

Onsongo ameingia, akaona, akashika kichwa. Ameyasema yote kwa pumzi moja. Jumamosi meneja alileta wageni wa heshima. Wakataka kuona diski mpya ikifanya kazi. Meneja akafungua sanduku la vipuri, akachukua plagi, akaichomeka kwa mkono wake, akaagiza mashine isizimwe mpaka Jumatatu. Ile yake mpya lazima iwe namba moja mbele za watu! Na wakati huo Onsongo alikuwa katikati ya kusahihisha orodha ya Nyamira.

"Nilimwambia, Bwana Meneja, hiyo hapana. Mara mbili nilimwambia."

Namshukuru Mungu kwa tepu ya Alhamisi. Nimerudisha kila kitu hadi saa kumi ya siku hiyo. Kazi ya Ijumaa na Jumamosi imepotea, nitaiandika upya. Mama amerudi mahali pake.

Nilidhani yameishia hapo.

Jumanne, 11 Julai

Bosibori, mpiga taipu wa meneja, ameniletea barua. Ameiweka mezani kifudifudi akaondoka bila neno, na yeye ni mtu wa maneno.

Barua inasema ni mimi niliyechomeka plagi ile, Ijumaa, kwa kuharakia kwenda kusali. Inasema nakiri kosa. Inasema kuanzia sasa nitafanya kazi Jumamosi ili kosa lisirudiwe. Chini kuna mstari wa sahihi yangu. Nikitia sahihi nabaki kazini na onyo. Nikikataa napelekwa mbele ya kamati ya wakulima inayoongoza ofisi hii, nifukuzwe.

Kwa kuharakia kusali! Nimeisoma mara tatu na kila mara damu ilinichemka upya. Mimi ninayetamka namba za makabati kwa sauti kama mwendawazimu ili kosa kama hili lisitokee.

Nimekwenda kuchukua daftari la makabidhiano. Halipo. Meneja amelichukua "kulihifadhi".

Nimemfuata ofisini. Alikuwa anatabasamu.

"Kemunto, wewe weka sign tu, maneno iishe. Hakuna mtu atakufukuza. Ni karatasi tu."

Nikamwambia kama ni karatasi tu, basi aweke yeye.

Tabasamu limekwisha.

Jumatano, 12 Julai

Nimemwambia Onsongo aandike alichoona. Mistari mitatu inatosha. Daftari halipo, hivyo yeye ndiye shahidi pekee niliye naye.

"Mimi sikuona kitu, Kemunto. Nilikuwa nimeenda kutafuta karatasi ya mashine."

Juzi tu aliniambia mara mbili alimkataza. Leo hakuwepo hata chumbani. Alisema hayo huku anatazama viatu vyake. Nimemuuliza kama viatu ndivyo vilivyokuwepo Jumamosi.

Najua ana watoto sita. Najua mke wake ni mgonjwa. Mimi pia nakula.

Miaka mitatu nilipiga taipu barua za watu wengine. Kisha miezi sita Nairobi kujifunza mashine hii, darasa zima wanaume na mimi peke yangu. Nikifukuzwa kwa barua ya namna ile hakuna ofisi Kisii nzima itakayonifungulia mlango. Unga utakuwa umemwagika na sufuria imechukuliwa. Na mtu mmoja tu angeweza kulizuia hilo kwa mistari mitatu.

Mwoga. Naandika tena nisije nikasahau. Mwoga.

Alhamisi, 13 Julai

Nimempa meneja nafasi. Nimemwambia nitaweka sahani tupu, zile za sumaku zinazozunguka ndani ya kabati, kwenye diski mbili, nizichomeke namba moja zote, aone kwa macho yake kinachotokea, na mimi nieleze mbele ya kamati ni saa ngapi mambo hayo yalianza. Maana mashine huandika saa kila inapoguswa. Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumamosi. Wakati huo nilikuwa kanisani Sironga na watu wote wa kwetu ni mashahidi.

Amesikiliza. Amekuna shingo. Halafu amesema vizuri, hayo yote nitaiambia kamati. Kamati inakaa Jumamosi saa nne.

Nilimkazia macho. Hakuona haya.

Anajua vizuri anachofanya. Wajumbe wa upande wa Nyamira wengi ni Wasabato, hawatakuja, watabaki watu wake. Nisipoenda atasema nimekimbia kesi. Nikienda atasema kumbe Jumamosi ninaweza, sasa tatizo ni nini?

Nimemshukuru kwa mwaliko. Nimefunga mlango wake polepole sana, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya leo.

Ijumaa, 14 Julai

Siendi.

Nimeandika barua yangu kwa kamati, ukurasa mmoja. Sikuomba msamaha popote. Nimeandika nani alichomeka plagi, saa ngapi, na kwa nini diski mbili haziwezi kuwa na namba moja. Mwisho nimeandika kwamba sitatia sahihi uongo, na kwamba wakinifukuza wanifukuze kwa Sabato yangu, wasiseme ni kwa uzembe.

Nimemwomba Onsongo aipeleke, kwa sababu meneja amemwita kesho kutoa ushahidi. Ametia mikono mfukoni. Mtu mzima! Nimeiweka juu ya kofia yake mezani.

Makabidhiano bila daftari. Nimesimama mbele ya diski nikatamka sifuri. Hakurudia. Nikatamka moja. Akagusa plagi, kimya. Sikumuaga.

Sironga, jioni. Nimemweleza mama yote. Nilidhani atanisifu. Amesema niende, nikaseme yangu nirudi, Mungu ataelewa. Nimemwambia sina shaka na Mungu. Meneja ndiye nisiyetaka aelewe vibaya. Akiona nimemwachia Sabato moja atazitaka zote. Mama akasema, "Basi usiende, lakini ukae ukijua umekataa." Nimekaa nikijua.

Jumamosi, 15 Julai

Kanisani. Nimekaa benchi la mbele ili kila mtu anione. Saa nne tulikuwa tunaimba. Nimeimba kwa nguvu mpaka dada wa pembeni akanigeukia. Sikusikia neno la mahubiri.

Wajumbe wawili wa kamati walikuwa safu ya tatu nyuma yangu. Hatukusalimiana. Wote tulijua tunatakiwa kuwa wapi.

Jumapili, 16 Julai

Hakuna habari. Nimefua. Nimechuma maua ya pareto na mama hadi mgongo ukakataa. Nimetunga maneno ya kumwambia meneja atakaponipa barua ya kufukuzwa, na mengine, makali zaidi, ya kumwambia Onsongo. Ya Onsongo nimeyarudia mpaka yakanyooka.

Sijuti. Naogopa, lakini sijuti. Havifanani.

Jumatatu, 17 Julai

Sijafukuzwa.

Nimefika saa mbili nikakuta meza yangu kama nilivyoiacha. Hakuna barua. Chumba cha mashine kimefungwa, Onsongo hayupo. Nimekaa na maneno yangu mdomoni, hakuna wa kumpa.

Bosibori ndiye amenieleza. Yeye aliandika kumbukumbu za mkutano. Walikaa watano. Meneja akasema Kemunto ameitwa na ameona kanisa ni bora kuliko kazi. Kisha akamwita Onsongo aseme alikuta diski ile imechomekwa hivyo alipofungua asubuhi. Hicho ndicho walichoelewana.

Onsongo akasimama na kofia mkononi. Akatoa barua yangu ndani ya kofia, akaisoma yote kwa sauti, kama anayesomea darasa. Alipomaliza akasema, "Hii ni ukweli. Plagi aliweka meneja. Mimi nilikuwa hapo, nilimkataza, na Jumatano nilimdanganya huyu dada."

Mzee mmoja akataka kuona. Wakaingia wote chumba cha mashine. Onsongo akaweka sahani tupu, akachomeka plagi zote mbili za namba moja, akaandika majina machache ya wakulima, akaita moja. Taa za makabati yote mawili zikawaka pamoja. Akawachapishia kilichotoka. Mzee akauliza, hayo ndiyo majina yetu?

Kesi yangu imefutwa. Meneja hakuguswa, mwenyekiti ni shemeji yake. Onsongo, "kwa mahitaji ya kazi", amehamishiwa ghala la Nyamira kuanzia leo, kubeba magunia.

Nimekwenda msalani nikakaa humo.

Kisha nimeingia kwa meneja bila kubisha. Nimemtaka amrudishe Onsongo. Amesema, "Kazi yako umepata. Unataka nini ingine?" Nimemwambia namtaka mtu wa Jumamosi, na mtu wa Jumamosi ni yule. Amesema ataleta mwingine, nimfundishe. Nimemwambia amlete, sitamfundisha. Amesema hiyo ni kukataa kazi. Nimemwambia aite kamati, na safari hii asijisumbue kutafuta siku, yoyote itanifaa.

Nimetoka.

Jumatano, 19 Julai

Asubuhi nimezungusha mashine peke yangu. Nimetamka namba kwa sauti, sifuri, moja. Hakuna wa kurudia.

Mchana nimetumwa Nyamira kuchukua fomu za wakulima wapya. Ghala liko nyuma ya maduka. Ndani giza, vumbi la pareto, chafya kila mahali. Onsongo alikuwa peke yake na sepetu mbele ya rundo la maua makavu. Nyusi zimejaa vumbi. Hakushangaa kuniona.

Asante niliyoitayarisha njia nzima haikutoka. Nimemuuliza hali ya mke wake. Amesema ameanza kula. Ameniuliza Jumamosi nani ataangalia mashine. Nimemwambia hakuna, italala mpaka arudi. Amesema meneja hatakubali. Nimesema najua.

Halafu nimemwambia.

"Onsongo, nilikuita mwoga."

"Wapi?"

"Kwa daftari yangu. Mara mbili."

Ameegemea sepetu.

"Iache," amesema. "Siku hiyo ilikuwa kweli."

Amerudi kwenye rundo. Gunia lilikuwa linajikunja kila akitaka kutia, mkono mmoja sepetu, mwingine gunia. Nimeweka fomu chini, nikavua koti, nikamshikia mdomo wa gunia. Tumejaza manne hivyo.